Mume Nisiyemjua na Duka la Vifungo

Mwaka ule wa 2008, kama ungesimama mchana katikati ya mji wa Nakuru, mbele ya duka fulani la vitambaa, ungeapa kwamba mji mzima umejiunga na kozi ya ushonaji. Mwanamume mwenye mabega ya kubebea magunia alitoka na uzi wa rangi ya waridi. Askari mstaafu alitoka na vifungo vitatu ndani ya bahasha ya kaki. Mama mmoja niliyemfahamu kutoka sokoni, ambaye maisha yake yote ameuza sukumawiki, alitoka na nusu mita ya satini, akaitia kifuani haraka haraka kana kwamba ameiba. Hakuna hata mmoja aliyejua kushona. Mimi mwenyewe, mwalimu wa darasa la tano, sijawahi kushikiza kifungo kikakaa wiki nzima, lakini kufikia mwezi wa sita nilikuwa na nyuzi za rangi kumi na moja nyumbani, na bado nilikuwa nikinunua.

Siri ilikuwa nyuma ya duka. Huko stoo, kati ya mabunda ya vitambaa vya mapazia na vya sare za shule, kulikuwa na meza ndogo, viti vitatu, chupa ya chai, na mama mmoja aliyekuwa akitoa ushauri nasaha. Alikuwa nesi mstaafu, Mwislamu wa humu humu mjini, ingawa babu yake alitoka pwani na yeye hakuwahi kukubali Kiswahili chake cha pwani kipande mlima kifanane na chetu. Mwenye duka alikuwa Mhindi aliyezaliwa Nakuru, rafiki wa familia yao tangu zamani. Fujo za baada ya uchaguzi, zile za mwezi wa kwanza, zilipotulia, alimpa mama huyo stoo aitumie bure.

Waliokuwa na mizigo kichwani walikuwa wengi, lakini hakuna aliyetaka kuonekana akienda kutibiwa kichwa. Ukionekana leo, kesho ploti nzima, wapangaji wote, inakusalimia polepole, kama mtu asiyesikia vizuri. Kwa hiyo mwenye duka aliweka kanuni: asitoke mtu mikono mitupu.

"Ukitoka bure, watu watauliza ulikuwa unafanya nini huko ndani saa mzima," alituambia. "Beba kitu. Hata kama ni kifungo moja."

Kanuni ya pili ilikuwa ya redio. Mtu akiingia stoo, mzee huyo mwenye duka aliongeza sauti ya redio iliyokuwa kwenye kaunta, nyimbo za filamu za Kihindi, ili mteja wa kweli aliyekuja kutafuta kitambaa asisikie mtu akilia nyuma. Mpaka leo nikisikia nyimbo hizo machozi yananilengalenga, na sielewi hata neno moja.

Mimi nilifika huko kwa sababu ya begi.

Mimi na mume wangu tulikuwa na miaka sita ya ndoa. Yeye alikuwa dalali wa viazi kule Molo, mtu wa kusimama juu ya lori na kupiga kelele gunia lishindiliwe mpaka livimbe kichwa. Mimi nilifundisha shule ya msingi huko huko. Yeye ni wa kabila moja, mimi wa jingine, na kabla ya uchaguzi jambo hilo tulilitumia kwa utani tu. Nilimwambia watu wa kwao hawajui kupika chai. Aliniambia watu wa kwetu wanaweza kugombana na kivuli chao wenyewe, na akaniita "kichwa ngumu", jina ambalo nililipenda kuliko jina langu.

Tulipokimbia Molo, mapema mwezi wa kwanza, tulikuwa ndani ya lori la viazi, sisi wawili na dereva. Kizuizi cha kwanza barabarani kilikuwa cha vijana wa kwao. Walinitazama, wakauliza mimi ni nani. Mume wangu, badala ya kutumia akili, akashuka na kusema kwa sauti, "Huyu ni bibi yangu. Mkitaka kumgusa, anzeni na mimi." Wakaanza na yeye. Alirudi ndani ya lori bila jino moja la mbele, lakini walitupisha.

Kizuizi cha pili kilikuwa cha vijana wa kwetu. Na wao wakauliza, huyu mwanamume ni nani. Nikamtazama, damu ikiwa bado kwenye kidevu chake, nikasema kwa lugha yetu, ambayo yeye anaielewa vizuri, "Simjui. Ni mbebaji wa viazi tu, tumemwokota njiani." Kisha nikacheka kidogo, ili maneno yaingie vizuri. Walitupisha, na mmoja akanitakia safari njema.

Nilidhani atanishukuru. Kwa njia yake tulipoteza jino, kwa njia yangu hatukupoteza kitu. Mwalimu yeyote wa hesabu angeona nani amepita mtihani. Lakini kuanzia siku hiyo mume wangu aliamua kwamba ikiwa mimi simjui, na yeye hanijui.

Hakugomba. Angegomba ningejua la kufanya, maana kugomba ndiyo fani yangu. Alinitendea adabu. Tulipanga chumba kimoja mtaa wa Kaptembwo, hapa Nakuru, kidogo hivi kwamba ukipiga chafya karibu na kitanda, mfuniko wa sufuria unalia karibu na mlango, na ndani ya chumba hicho mwanamume niliyelala naye miaka sita aliniamkia, "Habari ya asubuhi, madam." Nikimpa chai: "Asante sana, usingejisumbua." Akitaka kupita kati ya meza na jiko: "Samahani madam, naweza kupita?" Siku moja alitaka kutengeneza dirisha dogo la nyuma, lililokuwa limekwama kwa kutu, akaniuliza kama kelele za nyundo zitanisumbua. Nilimwambia yeye ndiye anayenisumbua. Akasema, "Pole sana, madam," na akagonga taratibu.

Tena hakuvua viatu. Vilikuwa viatu vyake vya kamba, vya kazi, vyenye matope ya Molo ndani ya mishono, na alivivua kuoga tu, kisha akavirudisha. Alilala navyo. Na kando ya mlango kulikuwa na begi jeusi la safari, limejaa tele, zipu yake imeharibika, limefungwa kwa kamba ya katani. Hakuniambia lina nini. Sikumuuliza, kwa sababu sikuwa mjinga. Mtu anayelala na viatu, begi liko mlangoni, ni mtu anayeondoka.

Ndugu zetu nao walichochea moto. Dada yake alipiga simu kila Jumapili kumwambia arudi nyumbani atafutiwe mke anayejua kumtambua. Mama yangu alinipigia Jumamosi, ili asipitwe. Kila jioni nikitoka shule niliyohamishiwa mjini, nilipofungua mlango niliangalia begi kwanza kabla ya kumwangalia mwenyewe. Likiwepo, nilipumua. Kisha nilikasirika kwa sababu nimepumua. Nilimpenda mtu yule, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Shuleni nilikuwa nimeanza kushangaza watu. Siku moja nilimfokea mtoto wa darasa langu mpaka akalia, kisa mkoba wake ulikuwa karibu na mlango. Mwalimu mwenzangu, mwanamke wa maneno machache, aliniita kando na kunipa kifungo cha kahawia.

"Peleka hii kwa duka ya vitambaa, pale karibu na soko," alisema. "Uliza kama wako na ingine kama hii. Watakuelewa."

"Sina shati ya kifungo kama hiki."

"Hata mimi sikuwa nayo," alisema, akaenda zake.

Siku ya kwanza nilikwenda kwa vita. Nilikaa kwenye kiti, nikamwambia mama mshauri kwamba mimi sina shida yoyote, nimekuja kwa niaba ya mume wangu ambaye kichwa chake kimelegea, na kwamba yeye mwenyewe hawezi kuja mahali kama hapa kwa sababu ni mwanamume wa viazi. Ninafundisha Kiswahili, lakini mbele ya yule mama ngeli zote zilinikimbia. Alinimiminia chai ya tangawizi.

"Haya, mwanangu," alisema. "Nieleze habari za huyo asiyeweza kuja."

Nikaeleza. Nilieleza habari za viatu, begi, madam, samahani na pole sana. Nilimwiga sauti, nikamwiga anavyoinamisha kichwa. Nilikuwa mzuri sana. Ningekuwa jukwaani ningepigiwa makofi. Kila Alhamisi saa tisa na nusu nilirudi na vichekesho vipya, nikanywa chai, nikanunua uzi, nikaenda. Habari za kizuizi cha pili nilizieleza wiki ya nne, na nilizieleza pamoja na ile hesabu yangu ya jino. Mama hakucheka.

"Na ulipokuwa ukicheka pale," aliuliza, "mumeo alikuwa wapi?"

"Alikuwa hapo tu, kando yangu."

"Ah. Basi alikisikia kicheko."

Nilichukua uzi wa kijani na kuondoka bila kuaga.

Lakini Alhamisi iliyofuata nilirudi, maana kukaa nyumbani kuwasikiliza majirani wakiulizana bei ya vitunguu si ushauri nasaha. Mama alinipa kazi ya nyumbani. "Wewe wapenda kusema," alisema, na sikuweza kubisha. "Jumapili hii, mkishaketi kula, nyamaza. Usimchokoze, usimsaidie. Ngoja yeye aanze, hata akichelewa."

Jumapili mchana nilipika viazi kwa nyama, tukaketi. Nikanyamaza. Kwa kawaida angesema, "Chakula ni kizuri sana, madam, asante." Siku hiyo hakusema. Alinitazama, akatazama sahani, akanitazama tena kwa uso wa mtu anayengoja basi. Na mimi nikamngoja. Viazi vikaisha. Tukanywa maji. Nilisikia redio tatu za ploti, zote zikisoma habari zile zile. Mara mbili nilifungua mdomo, nikaujaza maji. Mara moja yeye alikohoa, moyo wangu ukaruka, kumbe ni kikohozi. Baada ya saa nzima na zaidi jirani alibisha hodi kuuliza kama kuna mtu amekufa, kwa sababu tangu tuhamie hapo hajawahi kunisikia nimenyamaza kwa muda mrefu hivyo. Dada yake alipopiga simu ya Jumapili, mume wangu alitoka nje kuipokea karibu kwa shukrani.

"Haongei tena kabisa," nilimwambia mama mshauri. "Hata ile adabu imekwisha. Dawa yako imeua mgonjwa." Mama alifumba macho kidogo, akasema tutajaribu kitu kingine.

Ndipo zipu ikaingia nyumbani.

Siku za Jumanne mume wangu alikuwa akiaga kwamba anakwenda kuonana na madalali wenzake. Jumanne moja alirudi na zipu nyeusi ndefu imechungulia kutoka mfuko wa shati. Jumanne nyingine alikuwa na vifungo viwili vikubwa vya koti. Jumanne ya tatu nilipokuwa nikifua suruali yake, nilivuta kutoka mfukoni lasi. Lasi nyeupe, ya maua, robo mita hivi.

Mwenzangu, viazi havifungwi kwa lasi.

Kufikia jioni nilikuwa nimeshamjua yule mwanamke vizuri. Alikuwa fundi wa nguo. Alikuwa na cherehani karibu na dirisha, vidole vyembamba, na sauti ya chini chini. Ni mtu asiyefoka. Akiulizwa na vijana wenye marungu huyu ni nani, anajibu bila kusita. Nilimchukia sana, hasa kwa hilo la mwisho. Sasa nilielewa begi linakwenda wapi.

Alhamisi sikufika na vichekesho. Nililia, mzee akaongeza redio. Nilimwambia mama mshauri kwamba mume wangu ana fundi, na ushahidi ninao: zipu, vifungo, na lasi.

Mama alipaliwa na chai. Alikohoa mpaka nikamgonga mgongoni.

"Lasi?" aliuliza alipopata sauti.

"Lasi, mama. Nyeupe."

"Na zile nyuzi zako huko nyumbani, mumeo hajapata kukuuliza ni za nini?"

"Nyuzi zangu ziko na sababu!"

"Naam," alisema, akageuka kutazama vitambaa vya mapazia kwa muda mrefu, mabega yakimtikisika. Nilidhani analia pamoja nami, nikampenda kwa hilo.

Ungeniuliza leo, mtu mzima, mwalimu mwenye cheti, uliwezaje kutoona? Nilikuwa nimeshughulika na kuwa mwerevu.

Jumanne iliyofuata nilimwambia mwalimu mkuu kwamba jino linaniuma, nikajifunga kitambaa cha kichwa cha mwalimu mwenzangu na kuvaa miwani ya jua, nikamfuata mume wangu kwa miguu kutoka Kaptembwo hadi mjini. Kumfuata mtu anayesalimia kila anayepita si kazi rahisi. Nilisimama nyuma ya mikokoteni, nikaulizia bei ya ndizi nisizozitaka mara tano, na muuzaji mmoja akaniambia, "Mathe, hiyo miwani imekushinda, toa uone ndizi." Mwishowe mume wangu aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akaingia dukani. Duka langu. La vitambaa.

Unadhani nilielewa? Hata. Nilichoelewa ni kwamba yule fundi anafanya kazi humu humu, na kwamba Alhamisi zote hizo nilipokuwa nikilia stoo, yeye alikuwa upande wa pili wa ukuta akikata lasi.

Niliingia kwa kishindo. Mwenye duka alinitambua licha ya miwani.

"Madam, leo si siku yako. Siku yako ni Thursday."

"Sijakuja kwa hiyo. Mwanaume ameingia hapa saa hii ameenda wapi?"

Mzee aliongeza redio. Nikaongeza sauti. Akaongeza redio zaidi. Wateja wawili, mama na binti yake waliokuwa wakichagua kitambaa cha sare, waliweka vidole masikioni. Nilikuwa katikati ya kusema kwamba nitang'oa kila rafu kwenye duka hilo mpaka huyo mwanamke apatikane, stima ikapotea.

Duka zima likawa kimya, na kutoka nyuma ya pazia la stoo ikasikika sauti ya mume wangu. Hakuwa na habari kwamba redio imekufa. Alikuwa anazungumza vile alivyokuwa akizungumza nami zamani, jioni, baada ya siku mbaya sokoni.

"Si kusema hanijui, mama. Hiyo hata mimi ningesema. Ni vile alicheka. Alisema vizuri sana, mpaka mimi mwenyewe nikaamini. Nikamwangalia nikajiuliza, kwani huyu ananijua kweli? Na sasa naogopa kumuuliza. Akisema ni ukweli nitaenda wapi? Ile Sunday nilinyamaza vile uliniambia, ndio aanze yeye. Hata yeye akanyamaza. Mama, yule mtu hajawahi kunyamaza. Nikajua imeisha."

Mwenye duka aliziba mdomo kwa futi ya kupimia vitambaa. Mimi nilisimama pale na miwani yangu. Kisha nikasikia mtu akipiga kelele, na mtu huyo alikuwa mimi.

"Nilicheka juu niliogopa! Miguu ilikuwa inatetemeka, wewe! Ningelia wangejua wewe ni wangu!"

Sikuwa nimewahi kusema hivyo, hata moyoni mwangu. Miezi mitano nilikuwa nikijivunia akili yangu ya siku ile, na kumbe haikuwa akili. Ilikuwa hofu tupu, na nikalia mbele ya wale wateja wa sare.

Pazia lilifunguka. Mume wangu alisimama mlangoni na viatu vyake. Alinitazama kuanzia kitambaa cha kichwa hadi miwani.

"Habari ya mchana, madam," alisema, kwa mazoea.

"Kiti cha tatu kipo," mama mshauri aliita kutoka ndani. "Na uivue hiyo miwani, mwanangu, utajikwaa."

Tuliketi watatu, magoti yakigusana. Mama alikuwa wa kwanza kuomba radhi. Alisema kazi yake imemfunga mdomo: la mke halimwambii mume, la mume halimwambii mke, na kwamba amekaa wiki nyingi kati yetu kama mtu anayesikiliza redio mbili zenye mechi moja. Kila mmoja wetu alikuwa amemwomba asimwambie mwenzake. Lakini ile kazi ya kunyamaza, alisema, hiyo ilikuwa kosa lake. "Nesi mzima, nimewapa wagonjwa wawili dawa moja ya usingizi, kisha nikashangaa nyumba imelala."

Nilikiri habari za fundi. Mume wangu aliuliza fundi gani. Nikasema huyo wa lasi. Akasema lasi ndiyo iliyokuwa karibu na mlango, na mzee alimwambia abebe kitu. Halafu akakiri kwamba na yeye aliziona nyuzi zangu, zote kumi na moja, akajua ninashonewa nguo za kurudi kwetu.

"Kwetu nani anashonewa nguo za kijani na zambarau?" niliuliza.

"Sikutaka kuuliza. Hatukuwa tunajuana," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Molo niliona pengo la jino lake.

"Na begi?" aliuliza mama mshauri.

Mume wangu alitazama viatu vyake. "Akifungua ataona."

"Basi nendeni mkalifungue pamoja," alisema. "Na leo msinyamaze."

Tulipotoka, stima ilirudi na redio ikalipuka, wote tukaruka. Mzee alitushika mlangoni, akatupa kifungo kimoja. "Nyinyi wawili mnabeba kitu moja," alisema. Yule mama wa sare alikuwa bado pale, hajachagua kitambaa. Nadhani alirudi Jumanne nyingine.

Tulirudi Kaptembwo bila haraka, nusu hatua kati yetu. Sikuwa nimepona woga. Lasi ilikuwa imeelezwa, nyuzi zilikuwa zimeelezwa, lakini begi lilikuwa pale pale mlangoni tulipofika, na mtu anaweza kukusamehe na bado akaondoka. Jua la saa kumi lilikuwa linaingia kupitia dirisha la nyuma. Nilipiga magoti, nikafungua kamba ya katani kwa meno.

Juu kabisa kulikuwa na sweta langu zito la Molo. Chini yake cheti changu cha ualimu, kimefungwa ndani ya karatasi mbili za plastiki. Patipati zangu za kuvaa nyumbani. Sabuni ninayoipenda, si ile ya kwake. Kitambaa nilichojifunga siku ya harusi. Picha ya mama yangu, ambaye yeye na mume wangu hawajawahi kukubaliana hata kuhusu hali ya hewa. Miwani yangu ya kusomea niliyoitafuta tangu mwezi wa pili. Nilitoa kila kitu, kimoja kimoja, nikakipanga sakafuni. Nikageuza begi juu chini, nikalikung'uta. Hakukuwa na shati lake. Hakukuwa na soksi yake hata moja.

"Vyako viko wapi?" nilimuuliza.

"Mimi niko na viatu."

Sikuelewa, akaeleza bila kunitazama. Ploti hii imejaa watu wa kwao. Fujo zikirudi, hawatakuja kumtafuta yeye. Watakuja kunitafuta mimi. Kwa hiyo mimi ningetoka kupitia dirisha la nyuma, ambalo sasa linafunguka bila kelele, na begi langu, na yeye angebaki mlangoni. Mlango ni mwepesi, alisema, kwa hiyo lazima awe amevaa viatu, ausimamie vizuri. Ningehitaji dakika kidogo tu.

"Na wakikuuliza mimi niko wapi? Ungewaambia nini?"

"Ningesema simjui huyo mwanamke."

"Wewe?" nilisema. Nilijaribu kucheka, sauti ikakatika. "Wewe huwezi. Ulijaribu kusema ukweli ukang'olewa jino. Hujui kusema vizuri."

"Ndio nilikuwa nafanya mazoezi," alisema mume wangu. "Mwanzo ilikuwa hasira, siwezi kukudanganya. Halafu nikaona itasaidia. Habari ya asubuhi, madam. Samahani, madam. Kila siku. Na bado ilikuwa inanishinda, kichwa ngumu."

Niliinama pale pale kwenye sakafu, kati ya sweta na picha ya mama yangu, nikaanza kufungua kamba za viatu vyake.